Safari ya Kufuata Maji ya Mvua: Kutoka Barabara ya Muindi Mbingu Mpaka Mutuini

Wako watu waliokaa Nairobi miaka 20 wasiujue mteremko wa mji wao. Mitaa waijua kwa majina, nauli za matatu wazijua, na saa za msongamano wa magari wazijua pia. Lakini ukiwauliza ni upande gani wa mji ulio juu na ni upande gani ulio chini, hawana jibu. Maji ya mvua hayahitaji kuuliza. Hutoka magharibi, kwenye miinuko ya Kikuyu na Dagoretti, hushuka mabondeni, hupita kando ya kitovu cha mji, kisha huenda zake mashariki mpaka mto Athi, na mwisho wa safari yake ni Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Nayo hayaendi mikono mitupu. Huchukua udongo mwekundu wa mashamba ya juu, na ndiyo sababu mito yetu hugeuka rangi ya matofali kila msimu wa mvua.

Katika makala hii namwalika msomaji tuifuate njia hiyo, lakini kwa kuirudi: tuanzie chini, katikati ya mji, tupande magharibi mpaka Mutuini. Safari yenyewe haizidi kilomita 20. Jambo la kuangalia njiani ni moja. Maji yaharibuyo shamba la juu na kuufurikia mtaa wa chini ndiyo maji yale yale ambayo mti wa matunda huyakosa mwezi wa Februari. Mwenye jembe na subira aweza kumgeuza mwizi huyo akawa mtumishi.

Barabara yenye jina la ugomvi wa udongo

Barabara ya Muindi Mbingu yapita katikati kabisa ya mji, na kando yake limesimama Soko la Mji, jengo la miaka ya 1930. Karani atokaye ofisini saa saba mchana kutafuta matunda hula maembe ya Makueni, maparachichi ya Murang'a na ndizi za Meru, naye hulipia pamoja na matunda hayo gharama ya lori lililoyaleta kutoka mbali.

Wachache kati ya wapitao hapo wajua kwamba jina la barabara hiyo ni kumbukumbu ya ugomvi uliotokana na udongo. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimemomonyoka vibaya. Serikali ya kikoloni ikaamua kwamba sababu ni wingi wa ng'ombe wa Wakamba, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakaja Nairobi wakapiga kambi kwa majuma kadhaa, wakitaka kuonana na Gavana. Yeye mwenyewe alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kule kuuza ng'ombe kwa nguvu kukasimamishwa.

Yaliyofuata yastahili kujulikana zaidi kuliko yanavyojulikana. Miaka ya baadaye watu wa Machakos walianza kukinga mashamba yao, wakapendelea namna iliyowafaa wenyewe: mtaro uchimbwao kwa kukingama mteremko, na udongo wake ukatupwa upande wa juu. Namna hiyo yaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengine bila kutafsiriwa. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 mpaka 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na juu ya hayo udongo ukawa wamomonyoka kidogo kuliko zamani. Nchi iliyokwisha kuhukumiwa kufa ilipona, na palipokuwa pamebaki ardhi kavu pakaota miembe na michungwa.

Amri ya kuuza ng'ombe haikuwaponya. Walipona pale kila mtu alipoona kwamba tuta alichimbalo lamzalishia kitu chake mwenyewe. Neno hilo tulikumbuke, kwa maana tutalikuta tena huko mbele.

Kabla ya kuuacha mji, yafaa tukumbuke mambo mawili ya karibuni. Mwanzoni mwa mwaka 2017 wakazi wa Nairobi walianza kupewa maji ya mfereji kwa zamu, kwa kuwa bwawa la Ndakaini lilikuwa limepungua sana. Miaka saba baadaye, Aprili na Mei 2024, mito ya mji huo huo ilifurika, nyumba zikachukuliwa, na katika nchi nzima ya Kenya watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Mji mmoja, kiu na gharika. Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni mambo mawili yanayopingana, lakini kwa upande mmoja ni jambo lile lile: maji yapita mbio mno, hayapati mahali pa kukaa.

Chini ya miti ya mwaka 1907

Ukipanda kutoka katikati ya mji kwa njia ya kwenda Ikulu utafika kwenye bustani ya miti iitwayo Arboretum. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu ni miti gani ya kigeni ingekua upesi na kufaa kuwa kuni za garimoshi, kwani injini za reli wakati huo zilikula kuni kama jiko la ngoma. Mto Kirichwa Kubwa wapita kando yake.

Watu huenda huko kupumzika. Mimi namshauri msomaji aende siku ya mvua, akiwa na mwavuli, atazame jambo moja. Tone la mvua liangukalo juu ya ardhi tupu ni kama nyundo ndogo: hupiga, hupasua chembe za udongo, hurusha vumbi la matope, na vumbi hilo huziba matundu ambayo maji yangeingilia. Baada ya dakika chache udongo huwa kama sakafu iliyopakwa chokaa, na maji yote huanza kukimbia juu yake. Lakini chini ya miti mikubwa tone hupiga jani la juu kwanza, likashuka kwa jani la pili, likaishia kwenye takataka za majani makavu zilizotandaa chini. Hapo hulowa polepole. Utaona maji yaliyotoka katika njia ya changarawe ni mekundu, na yale yachujikayo chini ya majani ni meupe.

Basi huo ndio msingi wa kazi yote ya kuhifadhi udongo. Nguvu ya tone ivunjwe kwa kufunika ardhi, na mwendo wa maji uvunjwe kwa kukinga mteremko. Hayo mengine ni njia tu za kutimiza haya mawili.

Hesabu ya mvua

Kutoka hapo tushike Barabara ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, mahali zilipo ofisi za Idara ya Hali ya Hewa. Katikati ya mji tulikuwa mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa tumekaribia mita 1,800. Kusini ya barabara hii mto Motoine washuka kuelekea bwawa la Nairobi, lililojengwa katika miaka ya 1950. Wazee wakumbuka mashua zikisafiri humo. Kwa miaka mingi sasa limejaa matope, uchafu na magugu maji. Matope hayo si yote ya mashamba, kwa kuwa mji nao umemwaga yake. Lakini sehemu yake ilikuwa hapo zamani udongo wa juu wa shamba la mtu.

Mvua ya upande huu ni kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka. Nyingi huanguka katika masika, Machi mpaka Mei, na iliyobaki katika vuli, Oktoba mpaka Desemba. Hesabu ya mvua ni rahisi, na kila mkulima yampasa kuijua: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Haihitaji mashine wala shahada.

Chukua kiwanja cha hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, ambacho ndicho kipimo cha ndoto za makarani wengi wa mji huu. Ukubwa wake ni mita za mraba 465 hivi. Kwa mvua ya milimita 1,000, kiwanja hicho hupokea lita 465,000 kwa mwaka. Hayo ni mapipa zaidi ya 2,300 ya lita 200. Mwenye kiwanja hununua maji ya mkokoteni kwa mtungi, naye ameletewa mlangoni kwake mapipa 2,300 bila malipo, akayaachia yaende Malindi.

Mabati ya Kawangware

Barabara ya Naivasha yatupeleka Kawangware na Riruta. Huku hakuna tena mashamba ya kusemea. Pale palipokuwa shamba la mahindi na viazi pamejengwa safu za vyumba vya kupangisha, ukuta wa mabati na paa la mabati, na kati ya safu na safu ni ujia mwembamba. Mvua ikinyesha, mabati yote humwaga kwa pamoja, na ujia ukawa mto kwa muda wa nusu saa. Katika viwanja vingi maji hayo yamechimba korongo kando ya msingi wa nyumba, na wenye nyumba hutupa humo vifusi kila mwaka, na kila mwaka vifusi huondoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wenyewe waanzia kwenye paa.

Tufanye hesabu tena. Safu ya vyumba 10, kila kimoja mita 3 kwa 3, ina paa la mita za mraba 90. Mvua ya alasiri moja ya milimita 20 humwaga kutoka paa hilo lita 1,800, yaani mapipa tisa. Mwenye nyumba akifunga michirizi ya bati chini ya ukingo wa paa, na kuyaelekeza maji kwenye tangi, wapangaji watapata ya kufulia na kusafishia vyumba. Na tangi likijaa, bomba la ziada lielekezwe kwenye shimo la mti. Katika uwanja mmoja wa huko niliona mpapai na mforosadi vikistawi kwa maji ya namna hiyo karibu na ukuta, mahali ambapo mtu angesema hapatoshi hata kuku kujikuna.

Mambo matatu yapasa kuangaliwa. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, lisizae mbu wala lisiwe hatari kwa watoto. Na maji ya paa kuukuu la asbesto yasinywewe.

Mashamba ya Waithaka na Mutuini

Kutoka Barabara ya Naivasha tupinde kushoto tuelekee Waithaka, kisha Mutuini. Hapa hewa hubadilika. Sehemu hii ya Dagoretti ilikuwa katika wilaya ya Kiambu mpaka mwaka 1963, mipaka ya mji wa Nairobi ilipopanuliwa ikaimeza. Kwa hiyo utaona jambo la ajabu: mitaro ya shamba, migomba, ng'ombe mmoja katika zizi, na yote hayo ndani ya mji mkuu wa nchi. Mashamba ni madogo, yamegawanywa baba kwa mtoto mpaka mengine yamekuwa vipande vya robo ekari. Na kila kipande kina mteremko, kwa kuwa nchi hii ni ya migongo na mabonde membamba.

Udongo wake ni ule mwekundu wenye kina kirefu, udongo wa volkano. Ukitunzwa hunywa maji vizuri na huyaweka chini kwa miezi. Hilo ndilo tangi kubwa kuliko yote, nalo haliuzwi dukani. Lakini udongo huo ukiachwa wazi juu ya mteremko, tabaka la juu, lenye mbolea, huondoka kwanza. Unene wake mara nyingi ni shubiri moja tu. Likiisha kuondoka, hubaki udongo mwekundu mgumu, unaong'aa, ambao mahindi hutoa humo bua jembamba kama fimbo ya mzee.

Katika mteremko mmoja wa Mutuini nilikuta shamba la robo ekari lenye mitaro minne iliyokingama mteremko, na kati ya mitaro hiyo miparachichi, ambayo watu wa Nairobi huiita miavokado, pamoja na milokwati na migomba. Mwenyewe, mama mtu mzima wa miaka 70 na zaidi, alikuwa akikata nyasi za ng'ombe. Nilipobisha hodi alinitazama viatu, kisha daftari.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Umekuja kupima shamba?"

"La, mama. Nimekuja kutazama mitaro yako."

"Mitaro haiuzwi," akajibu, akacheka, akaniweka kwenye kiti cha miguu mitatu.

Hofu yake si ya bure. Huku kila mwenye daftari hudhaniwa amekuja kwa ajili ya ardhi, kwa kuwa mnunuzi wa kujenga vyumba hakosekani. Mama huyo alinieleza kwamba shamba hilo lilikuwa limekwisha. Maji ya barabara ya juu yalipita katikati yake, yakachimba korongo ambalo mtoto angeweza kujificha ndani yake, kisha yakaingia kwa jirani wa chini. Jirani alimshtaki kwa chifu mara mbili kwamba maji yake yaharibu viazi. Naye akajibu kwamba maji si yake, ni ya Mungu na ya barabara. Kesi za namna hii ni nyingi katika Dagoretti, nazo huacha uchungu kati ya watu waliozaliwa pamoja.

Mwishowe alichimba mtaro wa kwanza juu kabisa ya shamba, mahali maji yalipoingilia. Mwaka uliofuata akachimba wa pili. "Mama yangu," akasema, "alichimba matuta kwa amri ya chifu, wakati wa Mwingereza, na mpaka kufa kwake aliyachukia. Mimi nachimba kwa amri ya parachichi." Nilipomwuliza habari za jirani akatikisa kichwa. "Siku hizi analalamika kwamba maji hayafiki kwake."

Namna kazi ifanywavyo

Kwanza ni kutafuta usawa, yaani mstari ukingamao mteremko bila kupanda wala kushuka. Chombo chake ni fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Weka miguu ya chombo chini, tia alama mahali kamba igusapo fito ya kati. Kisha kigeuze miguu ipokezane mahali, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Ukitembea nacho shambani, ukipigilia kigingi kila mguu utuapo katika usawa, utapata mstari wa mtaro wako.

Mtaro huchimbwa kina cha sentimita 60 na upana kama huo. Udongo hutupwa juu, ukawa tuta. Kila hatua kadhaa ndani ya mtaro acha kizuizi kifupi cha udongo, ili maji yagawanyike yasikimbilie mwisho mmoja. Mahali pa kutolea maji ya ziada paandaliwe kwa mawe au nyasi, kwa maana mvua kubwa isiyo na mlango hubomoa tuta lote. Juu ya tuta panda nyasi za tembo: hushika udongo, na ng'ombe hula. Kila mvua huleta udongo ukajishika nyuma ya tuta, na baada ya miaka michache mteremko huwa ngazi.

Mti wa matunda hupandwa katika shimo la sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu wekwe kando, uchanganywe na samadi iliyooza, nao ndio urudi kwanza kuzunguka mizizi. Lakini parachichi halipendi kusimama ndani ya maji; mizizi yake huoza. Mama wa Mutuini alipoteza miche mitatu aliyoipanda chini mtaroni. Sasa huipanda hatua moja chini ya mtaro, ambapo mizizi hufuata unyevu ardhini, na ndani ya mtaro hupanda migomba, ambayo haina kinyongo na maji. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ule wa kokwa waweza kukungojesha mara mbili ya hapo.

Asiye na nguvu za kuchimba mtaro na afanye tuta la mwezi mwandamo: kigongo cha udongo chenye umbo la hilali upande wa chini wa mti, pembe zake zikielekea juu ya mteremko. Hilali likikusanya maji ya eneo la mita za mraba 20, mvua ya milimita 20 huangusha humo lita 400. Hata ikiwa theluthi moja tu ndiyo itiririkayo mpaka shinani, mti umepata lita 130 juu ya mvua yake. Kisha funika shina kwa matandazo ya majani makavu, ila yasiguse gome, na utakuwa umefanya kazi ile ile tuliyoiona chini ya miti ya mwaka 1907.

Maji ya barabara yaingizwe kwanza katika shimo la kutulizia matope, nayo yasitumiwe kwa mboga ziliwazo mbichi, kwa kuwa hubeba mafuta na uchafu. Shimo liwekewe uzio kwa ajili ya watoto. Na wenzetu wa upande wa mashariki na kusini ya mji, penye udongo mweusi wa mfinyanzi uvimbao kwa mvua na kupasuka kwa jua, wasiige mambo haya yote. Wao na wapande mti juu ya kilima kidogo cha udongo, maji yapite kando yake yasituame.

Amri na malipo

Maneno ya yule mama kuhusu amri ya chifu si mzaha. Katika miaka ya 1940 watu wa nchi ya Wakikuyu walilazimishwa kuchimba matuta bila malipo, na mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake. Mwaka 1947 na 1948 wanawake wa Murang'a walikataa, na wengine walikamatwa. Wakubwa wa wakati huo walidhani watu hawajui thamani ya udongo. Waliijua sana. Wasiloliona ni faida ya kumchimbia mwingine tuta juu ya ardhi waliyohofu kunyang'anywa.

Ukitoka Mutuini kwenda kaskazini utafika Kabete ya Juu, penye kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko kuna taasisi yenye jina la Wangari Maathai. Mama huyo, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 na kufariki mwaka 2011, alianzisha mwaka 1977 Harakati ya Ukanda wa Kijani, akawafundisha wanawake kuotesha miche na kuipanda. Ilikuwa kazi ya udongo ile ile, na mikono ilikuwa ile ile ya wanawake. Lakini waliotunza miche walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioishi. Miaka 30 tu ilipita kati ya kukataa kwa Murang'a na kukubali huku, na kilichobadilika ni kwamba aliyechimba aliona chake.

Kwa sababu hiyo nauona mti wa matunda kuwa mwalimu bora wa kuhifadhi udongo kuliko tangazo lolote la ofisi, na nasema hivyo nikiwa mtu wa ofisi. Tuta tupu huonekana kama kazi ya serikali. Tuta lenye parachichi juu yake hulindwa na mwenyewe usiku na mchana.

Tusidanganyane. Miti ya Mutuini peke yake haitauponya mji na gharika. Mifereji iliyozibwa kwa takataka na nyumba zilizojengwa katika mapito ya mito zina hukumu yake, na hiyo yawahusu wenye mamlaka. Wala robo ekari ya miparachichi haitaleta kodi ya nyumba sawa na vyumba 20 vya mabati. Atakayeamua kubaki na shamba lake ndani ya mji ameacha fedha nyingi mezani, nasi tuliaye matunda yake yatupasa kujua hivyo. Lakini kila mteremko unaokingwa ni maji machache zaidi yashukayo mbio bondeni, na udongo ambao mjukuu ataukuta ungali pale.

Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli kwa yaliyokwisha kupita Athi. Yatakayonyesha mwezi wa Machi bado hayajamwagika. Ndugu msomaji mwenye kipande cha ardhi, kiwe robo ekari au ujia nyuma ya vyumba, toka siku ya mvua utazame maji yaingilia wapi kwako na yatokea wapi. Hapo yaingiliapo ndipo pa mtaro wako wa kwanza. Chimba huo mmoja mwaka huu, panda juu yake mti mmoja uupendao matunda yake, na mwaka ujao chimba wa pili.